Shingo Isiyofutika

Mambo yote yalianzia kwenye shingo.

Chaki alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare, na kila mchana, wenzake wakitoka kwenda kula, yeye alibaki na kipande cha karatasi ya kaki akichora watu. Jina la Chaki alipewa hapohapo mezani, kwa kuwa vidole vyake havikuishiwa chaki ya fundi hata siku za mapumziko, na siku hizi hata nyumbani walimwita hivyo. Alichora wapanda baiskeli, madaktari, wazee wanaosoma magazeti, wote kutoka kichwani. Siku moja msimamizi wa karakana, mama mtu mzima ambaye ulimi wake haukuwa na pazia, alipita nyuma yake na sahani mkononi, akasimama.

"Chaki, mbona wanaume wako wote wana shingo moja?"

"Shingo moja vipi, mama?"

"Moja. Ndefu, imeinama mbele, imelalia bega la kulia. Daktari anayo, huyu wa baiskeli anayo, na mzee wa watu naye umemvika. Ni ya nani?"

Chaki akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema haijui. Aliijua sana. Ilikuwa ya fundi saa, mwenye kibanda kwenye uwanja wa maktaba, mwanaume aliyekuja kumposa mwaka juzi akarudi mikono mitupu.

Na sasa posa nyingine ilikuwa mlangoni. Mwenye duka la dawa, mtu mpole, msafi, asiye na neno na mtu, alikuwa ametuma watu wake, na Jumapili saa nne asubuhi walikuwa wanarudi kuchukua jibu. Kaka yake Chaki alikwisha kukubali kwa niaba ya kila aliyezaliwa katika ukoo ule. Lililobaki ni neno la Chaki mwenyewe, ambalo hakuna aliyetegemea liwe na matatizo, maana Chaki hakuwa mtu wa maneno.

Basi akajiwekea nadhiri. Jumamosi atachukua daftari la kuchorea, atatoka peke yake, atakaa mbele ya watu walio hai na kuwachora kama walivyo. Akimpata mwanaume mmoja tu mwenye shingo yake mwenyewe, atajua amepona, na kesho yake atasema ndiyo kwa moyo mweupe. Asipompata, hakutaka kufikiria.

Asubuhi hiyo alimkuta kaka yake sebuleni akipanga viti vya wageni. Kaka alikuwa karani wa idara ya maji, mtu wa mistari iliyonyooka. Kila kiti alikisogeza, akakitazama kwa jicho moja, akakisogeza tena. Tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa baba wa nyumba, na alivaa hata koti la marehemu, ingawa mikono ilimfika kwenye vidole. Mama alikuwa mezani akichambua mchele. Juu ya kichwa cha mama, ukutani, saa ya marehemu ya kutia ufunguo ilionyesha saa kumi na dakika kumi, kama ilivyoonyesha kwa mwaka mmoja na miezi saba. Iliharibika wiki chache baada ya fundi saa kukataliwa, na mji mzima haukuwa na mtu mwingine aliyeweza kuifungua saa ya aina ile. Kaka alisema afadhali ikae hivyohivyo. Mama akawa anauliza saa kwa jirani, kupitia dirishani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Daftari la nini?"

"Nakwenda kuchora."

"Kuchora wapi?"

"Nje, kwenye watu. Posta, labda na kwingine."

Kaka akaacha kiti. "Ukae barabarani peke yako uchore wapita njia? Watu watasema nini? Kesho tuna wageni, mdogo wangu."

"Kesho ni kesho. Leo uliniahidi siku yangu."

"Niliahidi siku ya kufikiri."

"Nafikiri vizuri mkono ukiwa na kazi."

Mama hakuinua macho kwenye mchele. "Mwache aende. Penseli haijawahi kumuua mtu." Kisha akasema, "Ila uwahi kurudi, mwanangu. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Kaka alikuwa amerudi kwenye viti vyake. Mama akashusha pumzi, akajinyanyua kwenda dirishani.

Kuchora mezani kwako na kuchora mbele za watu ni vitu viwili, tena havijuani. Chaki aligundua hilo dakika ya kwanza alipoketi mwisho wa benchi pale posta, mgongo ukutani, daftari limefichwa nusu chini ya mkoba. Alihisi foleni nzima inasikia penseli yake. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukaenda kusikojulikana. Mwanamke mwenye kifurushi alipochungulia, Chaki alifunua ukurasa mpya haraka akajifanya anaandika barua. "Mpendwa," akaandika, akakwama. La kumwambia alikuwa nalo, ila barua yenyewe haikuwa na pa kutumwa.

"Unaandika nini muda wote huo?" Mlinzi wa mlangoni alikuwa amemfikia, mikono nyuma.

"Siandiki, kaka. Nachora."

"Unachora nini?"

"Foleni."

Mlinzi akaigeukia foleni, akaiangalia kama anayeiona leo. "Foleni ina nini cha kuchora? Wewe si mtu wa halmashauri? Maana wanakuja wanapima, wanaandika, kesho unasikia jengo linabomolewa."

"Mimi ni mkataji wa nguo. Ni mara yangu ya kwanza kuchora nje. Naogopa mpaka mikono inatoka jasho."

Huyo mlinzi akalainika. Akatazama huku na huku, akanyoosha kofia. "Basi nichore mimi. Mimi sina haraka, na siumi. Ila kofia iwe sawa."

Akasimama kando ya mlango, kifua mbele, na Chaki akamchora. Ajabu ni kwamba mkono ulitulia. Na katika kutulia huko akagundua jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini: kumbe aliyeshika penseli anaruhusiwa kutazama. Alikuwa amekua akiambiwa msichana hakodolei watu macho, na hapa alikuwa anamkodolea mwanaume mzima, nyusi, masikio, vifungo, na mwanaume mwenyewe anamshukuru. Alipomaliza akamgeuzia daftari.

Mlinzi akaangalia kwa muda mrefu.

"Kofia ni yangu," akasema. "Kifungo kilicholegea ni changu, umekiona, ahsante. Lakini dada, mbona umenikata nusu?"

Ni kweli. Upande mmoja wa karatasi palikuwa na nusu ya mlinzi, kuanzia katikati ya paji hadi kiatu kimoja, na upande wa pili palikuwa patupu. Chaki akajishika mdomo. "Nisamehe. Ni mazoea ya mezani. Sisi tukikata nguo tunakunja kitambaa, tunachora nusu tu. Ukikunjua, nusu ya pili imetoka yenyewe."

"Mimi sikunjiki," mlinzi akasema, na watu wawili wa foleni wakacheka. Akakaribia zaidi. "Na hii shingo?"

"Ina nini?"

"Si yangu. Mimi sina shingo. Tangu shule wananiambia kichwa changu kimekaa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Hii ndefu, inayoangukia kulia, umeitoa wapi?"

Chaki alitoa kifutio. Akaifuta shingo, akaichora tena akimtazama mlinzi kwa makini yote aliyokuwa nayo. Ikarudi ileile. Akaifuta mara ya pili mpaka karatasi ikaota manyoya, na hata kabla penseli haijagusa, aliiona imelala pale ikimngoja.

"Acha tu, dada," mlinzi akamwambia, taratibu sasa, kama mtu aliyeelewa asichoambiwa. "Nenda kamchore mwenyewe."

Kwa muda wa karibu miaka miwili Chaki hakuwa amekanyaga uwanja wa maktaba. Kwenda kazini alizunguka kwa nyuma, kupita kiwanda cha matofali, dakika kumi zaidi kila asubuhi na kumi kila jioni. Zamani njia yake ilikuwa hapa. Ndivyo walivyojuana. Saa ya mkononi aliyokuwa nayo wakati ule aliipeleka kwenye kile kibanda mara tatu katika mwezi mmoja, na mara zote tatu fundi aliifungua, akaisikiliza sikioni, akamrudishia akisema, "Saa hii haina ugonjwa, Chaki." Naye akajibu, "Itazame tena, Fundi." Mara ya nne hakuja na saa.

Alipanda ngazi za maktaba, akakaa ngazi ya tatu. Maktaba ilikuwa imefungwa na uwanja ulikuwa na watu wa kutosha kumficha. Ng'ambo, katikati ya duka la viatu na duka la kudurufu, kibanda kilikuwa palepale, chembamba hata mwenyewe alikiingia kwa ubavu. Kaka yake ndiye aliyekipachika jina la Kabati, na fundi naye nyumbani kwao akawa Bwana Kabati. Jina lilimfanya kila mtu acheke mezani. Chaki naye alicheka wakati ule, na jambo hilo lilikuwa linamuuma mpaka leo.

Alikuwepo. Ameinama chini ya taa yake ndogo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi.

Chaki alifungua daftari. Jua lilimpiga usoni, akahamia ngazi ya nne. Hakuhitaji kujificha wala kujifanya anaandika barua. Alianza na paji la uso, akashuka na pua, akafika kwenye mdomo uliofungwa kama kawaida yake kazini, na kila alichochora alikipata pale alipokiacha. Ila juu ya sikio palikuwa na mvi. Mwaka juzi hazikuwepo. Akazihesabu kwa penseli, mstari mmojammoja, na akajua mvi hizo zimeota yeye akiwa anazunguka kiwanda cha matofali. Shati lake lilikuwa limeshonwa upya kwenye ukosi, tena vibaya, kwa uzi usiolingana. Mikono ya Chaki iliwasha kwa hamu ya kuufumua ule mshono na kuurudia.

Akafika kwenye shingo. Aliichora mara moja tu. Hakuifuta.

Mteja mmoja alikuja, mama mwenye mwavuli. Chaki akaogopa kwamba sasa fundi atainuka na yote yataharibika. Lakini fundi alimjibu yule mama kwa mdomo tu, kichwa hakikutikisika, na mama akaondoka akinung'unika. Ni bahati, Chaki akawaza. Akaendelea. Kengele ya shule ya jirani ililia, vivuli vya nguzo vikasogea kutoka duka la viatu hadi mlangoni pa kibanda, na muda wote huo mwanaume yule alikuwa ameinamia saa ileile, mkono uleule, kwa namna ileile. Chaki alimtazama kwa saa nzima. Hakuwa amewahi kumtazama hivyo. Siku za mapenzi yao walitazamana kwa kuibia, dakika moja hapa, nusu dakika pale, mtu akipita macho yanarudi kwenye saa. Leo alikula kwa macho yake mpaka akashiba, na aliposhiba akajua njaa ndiyo kwanza imeanza.

Akafunga daftari.

Papo hapo fundi akainua kichwa. Akatoa kioo jichoni, akaishika shingo yake kwa mikono miwili akiikanda, akimtazama yeye, moja kwa moja, ng'ambo ya uwanja mzima. Kisha akatoka kwa ubavu, akageuza kibao cha mlangoni, akavuka.

Chaki alitaka kukimbia. Akabaki ameshika daftari.

"Umemaliza?" Fundi alisimama ngazi ya chini, macho yao yakawa sawa.

"Nimemaliza. Kumbe ulijua?"

"Nilijua tangu ulipokaa. Ulikaa ya tatu, ukahamia ya nne. Jua."

"Mbona hukuinua kichwa?"

"Ningeinua ungeondoka." Akaikanda tena shingo. "Nimemfukuza mteja kwa ajili yako. Yule mama hatarudi."

"Na ile saa? Imepona?"

"Ilipona kabla hujachonga penseli. Nimekaa saa nzima nimeinamia saa nzima."

Chaki alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akalazimika kutazama pembeni. Fundi aliketi ngazi moja chini yake, wakawa wote wanakitazama kibanda kitupu na taa yake iliyosahauliwa ikiwaka mchana.

"Unapitia wapi siku hizi?" akauliza.

"Kiwanda cha matofali."

"Ni mbali."

"Ni mbali."

"Mimi kila asubuhi nafungua saa mbili na robo," fundi alisema. "Zamani nilikuwa nafungua saa tatu. Nilianza kuwahi ulipoanza kupita hapa ukienda kazini. Ulipoacha kupita, sikubadilisha. Nilisema mtu hawezi kujua."

Chaki alizungusha penseli vidoleni. "Fundi, kesho wanakuja watu wa mwenye duka la dawa."

"Najua. Juzi alileta saa yake nimpunguzie mkanda. Akaniambia mwenyewe, kwa furaha, kwamba Jumapili ana shughuli kubwa. Hakujua anamwambia nani."

"Ukafanyaje?"

"Nikampunguzia mkanda. Kazi ni kazi." Akaitazama taa yake ng'ambo. "Ni mtu mzuri, Chaki. Nilimtafuta kasoro muda wote nikishughulikia ule mkanda, sikuiona. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya."

"Umenikasirikia mpaka leo?"

"Nilikasirika mwaka wa kwanza. Wa pili nilichoka." Alisema bila kugeuka. "Unajua kilichoniuma? Kaka yako hakunitukana. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mimi na dada yangu, kisha akakugeukia. Akasema, 'Umesikia. Una neno?' Basi. Alikupa nafasi mbele yangu. Nikakutazama. Ukawa unatazama vidole vyako."

"Vilikuwa na chaki."

"Nilitaka useme hata hilo. 'Kaka, vidole vyangu vina chaki.' Ningejua upo. Lakini ulinyamaza, kaka yako akasema kimya ni jibu, nikachukua kofia yangu. Kila mahali duniani msichana akinyamaza wanasema amekubali. Kwangu mimi peke yangu kikawa ni kukataliwa."

Chaki hakuwa na pa kujificha, wala hakutaka tena. "Baba alikuwa na miezi minne kaburini," akasema. "Kaka alivaa koti lake siku ile kwa mara ya kwanza. Nilipoinua macho nilimwona baba amekaa pale, na mimi sijawahi kumpinga baba. Nikasema moyoni, nitanyamaza leo, nitasema kesho. Kesho ikaja, ikapita. Kila siku iliyopita ikafanya neno liwe zito zaidi, mpaka nikaona aibu hata kupita hapa. Fundi, sijapata kulala siku moja bila..."

"Usiniambie."

"Niache nimalize. Mimi naku..."

"Usiniambie mimi, Chaki." Safari hii aligeuka, na uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba Chaki aliona alama ya duara ya kile kioo kuzunguka jicho. "Mimi najua. Nilijua hata siku ile, ndiyo maana sikulala. Ukiniambia hapa, tutalia wote wawili, tutafurahi mpaka jioni, na kesho utakaa kwenye kile kiti utazame vidole. Waambie wale uliowanyamazia. Kisha njoo, hata usiponiambia kitu."

"Na nikishindwa?"

Fundi alinyoosha mkono. "Naomba nione."

Chaki akampa daftari. Fundi akafunua, akapita foleni ya posta, akapita "Mpendwa" iliyokwama peke yake juu ya ukurasa, hapo akakawia kidogo. Akatabasamu kwa mlinzi. Akafika kwake mwenyewe: nusu ya uso, nusu ya kibanda, mkono mmoja na kibano, mvi, ukosi ulioshonwa ovyo, na ile shingo.

"Mbona nusu?"

"Mezani kwetu ndivyo tunavyochora. Nusu ya pili hutoka kitambaa kikikunjuliwa."

"Na kisipokunjuliwa?"

"Basi hakuna nguo."

Akamrudishia kwa mikono miwili. "Kaa nalo. Kesho ukinyamaza, ichane hiyo karatasi, hata kama itakuuma. Sitaki uwe mke wa mtu huku unanichora mimi. Haitakuwa haki kwake. Wala kwangu."

Akanyanyuka, akavuka uwanja bila kutazama nyuma. Aliingia kwa ubavu, akainama chini ya taa. Ila sasa kichwa hakikutulia. Kila mara kiliinuka, kikarudi, kikainuka tena, mpaka Chaki alipotoweka kwenye kona.

Alirudi nyumbani kwa njia ya zamani, ile fupi.

Viti vilikuwa vimepangwa, sita, kama meno ya mbele. Kaka alikuwa amekaa kwenye kimoja akikijaribu. Mama alikuwa bado mezani.

"Haya, mchoraji amerudi," kaka alisema, kwa wema, maana siku hiyo alikuwa na furaha. "Lete tuone ulichotuchorea."

Chaki angeweza kulishika daftari. Alimpa. Kaka akafunua, akacheka foleni, akamcheka mlinzi. "Huyu mmegawana na nani?" Akafunua tena. Kicheko kikakatika.

"Huyu ni Bwana Kabati."

"Ni fundi saa," Chaki alisema.

Mama aliacha mchele.

Kaka alilaza daftari gotini, akalilainisha kwa kiganja, ingawa halikuwa na kunyanzi. Hakupaza sauti. Alikaa wima ndani ya koti la baba yao, akamtazama mdogo wake, na maneno yakatoka yaleyale, pengine hata mwenyewe hakukumbuka kwamba aliyatumia kabla. "Kesho wageni wanakuja. Mwenye duka la dawa anakutaka, mimi nimeridhika, mama ameridhika. Umesikia. Una neno?"

Macho ya Chaki yalishuka yenyewe kwenye vidole. Kwenye chaki palikuwa pameongezeka weusi wa penseli. Akainua kichwa.

"Ninalo," akasema. "Mwaka juzi pia nilikuwa nalo, kaka. Nilinyamaza, wewe ukasema ni jibu. Halikuwa jibu. Nilikuwa naogopa koti. Mwenye duka la dawa ni mtu mzuri, na nitampigia simu leo mimi mwenyewe, asije kesho akaaibika mbele za watu wake. Mimi namtaka fundi saa. Nilimtaka siku ile na namtaka leo."

Kaka alilifunga daftari. "Mtakaa wapi? Ndani ya kabati?"

Hakuna aliyecheka. Naye alisikia kwamba hakuna aliyecheka.

"Sikujua," akasema baadaye, kwa sauti ya chini, akiitazama mikono ya koti. "Ungesema, mdogo wangu. Nilidhani nakuokoa. Sasa nitakwenda na uso gani kwa mtu niliyemfungia mlango?"

Kiti kilikwaruza sakafu. Mama alikuwa amekipanda, yeye na umri wake, mikono ukutani. Chaki alikimbia kumshika, lakini mama alikwisha kuiteremsha saa. Alipuliza vumbi, akaifunga ndani ya taulo kama anayemfunga mtoto mchanga, akashuka, akaiweka mapajani mwa mwanawe wa kiume.

"Utakwenda na hii," akasema. "Jirani amenichoka."

Kaka aliikumbatia saa ya baba yake. Alikaa nayo hivyo kitambo, katikati ya viti sita alivyovipanga, na alipoinua uso alikuwa mtoto wa nyumba ile kama yeye Chaki.

"Jumatatu," akauliza, "huwa anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili na robo," Chaki akajibu.